Marlys na Masanduku Mawili ya Toivo

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuwajazia watu fomu za kodi katika ofisi yetu ndogo ya Pine Hollow, kaskazini mwa Michigan, Bi. Marlys Heikkila anastaafu tarehe 16 Aprili, siku moja baada ya msimu wa kodi kufungwa. Angeweza kuondoka Januari, ila hakutuamini.

Alianza kwa kupokea simu. Subira yake ilikuwa haba, hasa kwa wateja wanaoleta risiti ndani ya masanduku ya viatu.

Miaka tisa iliyopita aliingia Toivo Lahti na sanduku moja. Wakati wa baridi Toivo husafisha theluji barabarani. Kiangazi huuza aiskrimu katika kibanda alichoanzisha marehemu mkewe, Aili. Theluji ilikuwa na faida, naye alikuwa akiilipia kodi ya kujiajiri yote, mwaka baada ya mwaka. Marlys akamuuliza risiti za aiskrimu ziko wapi.

“Zipo nyumbani. Ile ni hasara tupu, dada, serikali inahusika nini? Nakifunga kibanda mwaka huu. Sikiwezi tena.”

Huku kwetu mtu hatangazi hasara yake, hata kwa mtu wa kodi.

“We Toivo, hebu kalete hilo sanduku! Biashara ni mbili, kila moja ina fomu yake. Lakini mlipa kodi ni mmoja, wewe! Hasara ya aiskrimu inatolewa kwenye faida ya theluji, kinachobaki ndicho unalipia.”

Marlys alisahihisha fomu za miaka mitatu, sehemu ya kodi ikarudishwa, na kibanda, ambacho bado kinaitwa Kwa Aili, hakikufungwa. Tangu hapo kila Februari Toivo huja na masanduku mawili na pai moja ya nyama. Kazi yake ni ya nusu saa. Yeye hukaa hadi mchana. Sisi tuliona.

Sasa Marlys, ambaye tayari anauza mayai na mablanketi ya viraka, kiangazi hiki atasimama kwenye dirisha la kibanda cha Toivo akiuza aiskrimu. Huko ndiko kupumzika kwake! Toivo alimuuliza kama angependa jina la kibanda libadilishwe.

“Liache hapo hapo. Nililipigania.”

Marlys, asante kwa kila kosa letu ulilolikamata. Tutakukumbuka sana, na tunakuombea siku njema mbele. Zawadi yetu ni viatu vya kusimamia dirishani. Vivae. Sanduku la viatu hivyo tuletee Februari, likiwa limejaa risiti zako.