Shangazi Hajui Kama Ndiye Nyota

Ndani ya treni, binti aliyeketi mbele yangu alimgeukia jirani yake, fundi cherehani ambaye hakumjua kabisa. "Mama, leo filamu yangu ya kwanza inaonyeshwa ukumbini! Nimeipiga kwa simu, saluni kwa shangazi yangu. Yeye ndiye nyota!"

"Hongera, mwanangu! Naye anasemaje?"

"Hajui. Alidhani najaribu simu tu. Ananingoja stesheni twende ukumbini pamoja."

Fundi akashika kiuno. "Mwambie kabla hamjaingia."

"Nikimwambia atakimbia! Akijiona, atalia kwa furaha."

"Au atakutoa roho."

Mimi nilikuwa upande wa fundi, ingawa hakuna aliyeniuliza. Treni ikasimama. Nje, mwanamke aliyependeza kama bibi harusi alipunga mikono. "Binti yangu! Hebu niambie, hiyo filamu inamhusu nani?"

Sote tukachungulia dirishani.