Kumuaga Mama Zima, Aliyeshusha Volti

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu, wakuu wa idara, wahandisi wenzangu, mafundi wa maabara ambao bila ninyi sisi tungebaki na michoro tu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mama yetu unayestaafu, uliyekaa hapo mbele ukiniangalia kama mtu anayekagua waya ulioungwa vibaya: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimepewa dakika kumi. Wanaonijua wanajua nitatumia tano, maana mimi ndiye Chapuchapu, jina nililobandikwa na maabara nzima tangu wiki yangu ya kwanza kazini. Na yeye tunamwita Mama Zima, kwa kuwa hajawahi kutoka chumbani bila kuzima taa, hata kama sisi wengine bado tumo ndani.

Miaka kumi na tisa iliyopita tulipangwa meza moja, tubuni saketi ya kifaa cha kusikilizia, kile kidogo kinachokaa nyuma ya sikio. Kwa wageni wasio wa fani yetu, shida yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuitatua. Saketi ukiipa volti nyingi inahesabu upesi, lakini inaila betri. Ukishusha volti hadi nusu, umeme unaotumika katika kila hesabu unashuka mpaka robo, ila saketi nayo inakuwa nzito. Sasa, ndugu zangu, mtu asiyesikia vizuri mumpe nini: kifaa chepesi kitakachozimika mapema, au kifaa kivumilivu kinachopitwa na maneno?

Mimi nilisema kasi. Yeye alisema betri. Tukabishana miezi mitatu, mpaka fundi wa meza ya jirani akaomba ahamishwe chumba.

Wa kutujaribia alikuwa mama yangu mzazi, ambaye masikio yake yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Tulianza na saketi ya Mama Zima. Betri ilikaa wiki nzima, sikatai. Lakini saketi ilishindwa kwenda sambamba na mazungumzo, ikawa inaacha vipande. Nilimweleza mama kwamba mjomba amefungua duka jipya. Yeye akasikia amefukuzwa kazi. Kabla sijamaliza chai yangu, alikuwa ameshampigia ndugu yake simu kumpa pole na kumshauri apunguze kiburi. Mjomba alijitetea, lakini utetezi wenyewe nao ulifika nusu.

Nilicheka siku nyingi. Kisha kisa hicho hicho nikakitumia kumshawishi mkurugenzi wa wakati ule apitishe saketi yangu. Mwenzangu sikumwambia. Alikuja kujua kikaoni, mbele za watu. Alifunga daftari lake, akazima taa ya meza yake, akaenda zake.

Basi ikafika siku ya binti yangu kumaliza shule. Alikuwa amechaguliwa kuhutubia kwa niaba ya wenzake. Nikamkalisha mama mstari wa mbele, saketi yangu iko sikioni, betri mpya kabisa. Wakubwa walichelewa, ratiba ikasogea. Asubuhi yote mama alisikia kila kitu, pamoja na umbea wa watu wa nyuma ambao haukumhusu. Binti yangu alipanda jukwaani saa saba kasoro robo. Betri ilikuwa imekata roho dakika chache kabla. Mama akapiga makofi wenzake walipopiga. Tulipotoka nje nikamuuliza ameionaje hotuba ya mjukuu wake.

"Mwanangu," akasema, "nilimwona akifungua mdomo. Alipendeza."

Nimeunguza saketi nyingi katika maisha yangu, lakini sikuwahi kuungua mwenyewe namna ile.

Jumatatu nilimwendea Mama Zima nikiwa na maneno marefu ya kuomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama anaweza kwenda kumwona mama yangu. Akaenda. Alishinda sebuleni kwetu siku mbili, akimsaidia kuchambua mboga, daftari pajani, jicho kwenye saa. Aliporudi akaniambia, "Mama yako huwa kimya karibu mchana kutwa. Kifaa chako kinakimbia hata pasipo na pa kwenda."

Halafu akachora visanduku viwili. Badala ya saketi moja inayokimbia, tuweke mbili zinazotembea, kila moja kwa volti ndogo, zikipokezana sauti. Nyumba ikiwa kimya, zilale zote mbili, abaki mlinzi mdogo tu wa kuziamsha mtu akianza kusema. Kuziamsha kwa wakati kulitutoa jasho, maana mwanzoni zilikuwa zikiamka salamu imeshapita, na majirani wakaanza kusema mama yangu siku hizi anaringa. Hapo ndipo kasi yangu ilipopata kazi ya maana: njia ya kuziamshia niliichora mimi, na ni hapo tu niliporuhusiwa kuwa na pupa.

Betri ikakaa siku sita, na neno halikuanguka. Binti yangu akasimama juu ya zulia la sebuleni, akaisoma hotuba yake upya, yote, kwa msikilizaji mmoja. Bibi yake alisikia kila neno. Akafuta machozi, akasema ni nzuri sana, ila ndefu kidogo.

Nimebakiwa na jambo moja, na hili halimo katika ratiba. Mwaka uliofuata kifaa kile kilipata tuzo. Niliipokea peke yangu, kwa sababu siku hiyo Mama Zima alikuwa nyumbani kwa mama yangu, akimrekebishia sauti. Je, nilimtaja jukwaani? Sikumtaja. Nilisema nilisahau, na watu wakaniamini, maana mimi ni mtu wa haraka. Sikusahau.

Tuzo yenyewe hii hapa. Imekaa kabatini kwangu miaka kumi na minane. Jana fundi alichonga jina lako juu ya langu, kwa herufi kubwa kuliko zangu. Hilo niliagiza mwenyewe. Dada yangu, njoo uichukue. Tembea taratibu, tutakusubiri.

Nanyi nyote mlionitegea masikio mpaka hapa, nawashukuru sana.