Historia ya Edna Bonaventura, Aliyeanua Shuka Ili Msalaba Upite

Padre wetu, wazee wa ukoo, majirani wa Sindeni, na ndugu zetu Waislamu mliofika hapa kabla hata ya wanakwaya, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Mimi naitwa Afisa, mdogo wake marehemu, jina ambalo baba alinipa kwa matumaini makubwa yaliyoishia kwenye usukani wa lori, na familia imenituma nisome historia hii kwa sababu, wamesema, nina sauti, jambo ambalo ni kweli, maana sauti ndiyo kitu pekee nilichowahi kuleta katika nyumba hii. Mnajua pia kwamba tukishatoka makaburini ukoo utakaa kuamua nani atamtunza baba yetu, Mzee Bonaventura, aliyepooza na ambaye yumo humo ndani anatusikia, basi nisikilizeni mkiwa na hilo kichwani.

Marehemu Edna alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 katika kambi ya wakata mkonge, nje kidogo ya mji wa Korogwe, akiwa wa kwanza kati yetu wawili. Alianza darasa la kwanza mwaka 1975 huko Kerenge, ambako wazazi walikuwa wamehamia kulima, akamaliza la saba mwaka 1981 na kuchaguliwa kuendelea na sekondari, msichana peke yake katika shule nzima, lakini baba akauliza, mwanamke akisoma sana atamwandikia nani barua, na hapo elimu yake ikafungwa. Nafasi hiyo nilitunziwa mimi, nami zamu yangu ilipofika nilikwenda sekondari kwa mbwembwe, sanduku langu la bati likiwa kichwani mwa dada, nikafeli kidato cha pili kwa umahiri ambao walimu walisema hawajapata kuuona.

Kuanzia mwaka 1983 marehemu alifanya kazi ya kuanika singa, zile nyuzi nyeupe, katika shamba la mkonge, kazi ya kusimama juani kutwa nzima, na baada ya kuolewa alilima mahindi hapa Sindeni na kuuza machungwa Kabuku, kando ya barabara kuu, ambako mimi nilikuwa nikipita na lori, napiga honi mara mbili, halafu najiambia nimekwenda kumtembelea dada. Nimefika Lusaka, nimefika Lubumbashi, Bujumbura nina mpaka kinyozi wangu, lakini kutoka Kabuku kuja kwenye mlango huu sikuwahi kupata nafasi.

Tarehe 28 Julai 1990 alifunga ndoa na Mathias, fundi baiskeli, mtu mpole ambaye hakuwahi kumaliza sentensi, wakajaliwa watoto wawili, Angel, aliyezaliwa mwaka 1991 na sasa ni muuguzi Dodoma, na Peter, aliyezaliwa mwaka 1995, fundi umeme huko Geita. Shemeji Mathias alitutoka Agosti 2012, na tarehe 3 Juni 2013 baba, aliyekuwa mjane siku nyingi, akapooza upande mzima wa kulia, naye Edna akamleta hapa, baba huyohuyo wa barua, akamwogesha, akamlisha, akamgeuza asipate vidonda, na kila Jumamosi akamnyoa ndevu, kwa muda wa miaka kumi na moja na ushee. Baba hakuwa mgonjwa mpole, alimtemea uji, alimwita majina ambayo mbele ya padre siwezi kuyasoma, na aliyekuwa akimshika miguu wakati wa kumgeuza ni jirani yetu Bibi Mwanaisha, ambaye akishakunja mkeka wa sala anakuja huku akisema, "Mzee, leo umekuwa mzito, ni ugali huo au ni dhambi?"

Sasa tuseme habari ya msalaba, maana wataalamu wake tunao hapa. Kigango chetu kina msalaba wa mninga, futi tisa, umepigwa vanishi unang'aa, nao hubebwa mara moja kwa mwaka, siku ya Ijumaa Kuu, na orodha ya wabebaji huandikwa na ndugu yetu Castory, mwenyekiti wa kamati, tangu mwezi wa kwanza, na watu wakikosa vituo wananuniana mpaka Pentekoste. Kinachogombewa zaidi ni kituo cha tano, pale Simoni wa Kirene alipolazimishwa kumsaidia Bwana, na mwaka 2018 wanaume wawili wazima, wenye wajukuu, walikunjana mashati wakigombea kulazimishwa. Mwaka 2019 kituo hicho nilipewa mimi, niliyekuwa likizo, nikaubeba nimevaa miwani ya jua, na kituo chenyewe ni hapa nje, mbele ya kamba ya kuanikia. Ndugu Castory akatangulia mbio akamwambia dada, "Mama Angel, hizo shuka za mzee zianue kidogo, zitaharibu picha." Dada akazianua zikiwa mbichi, akazikumbatia, akasimama nazo maji yanamchuruzika mpaka miguuni, sisi tukapita tunaimba, naye akazianika tena. Castory, usiniangalie hivyo, mimi ndiye niliyekuwa chini ya mti ule, na ndiye niliyemsikia baba akiita kutoka ndani, "Afisa, maji," nikajisemea, nimebeba msalaba, siwezi kusimama. Picha ilitoka nzuri sana, ilikaa kwenye simu yangu mpaka juzi.

Mwezi Oktoba 2023 marehemu alionekana kuwa na uvimbe tumboni, daktari akamwandikia rufaa, naye akaniomba nije wiki mbili tu nikae na baba, nikamjibu, "Mwezi ujao, dada, nina mzigo," nikajibu hivyo mara tatu, na mara tatu akaahirisha, alipokwenda Agosti 2024 akaambiwa amechelewa. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa tatu asubuhi, katika chumba kimoja na baba, na neno lake la mwisho kwa Bibi Mwanaisha lilikuwa kwamba uji wa mzee uko kwenye chupa.

Tangu juzi nawasikia mkisema Edna alikuwa mtakatifu, neno zuri, tena halichoshi, kwa sababu ukishamwita mtu mtakatifu huna haja tena ya kumshikia beseni. Na jana, nyuma ya turubai, niliwasikia wazee wangu mkikubaliana kwamba Angel aache kazi Dodoma arudi kuubeba msalaba wa mama yake, na mwenyewe yuko hatua kumi kutoka hapo anaosha sufuria zenu, hakuna aliyemwuliza. Bwana alisema mtu ajikane mwenyewe, na ajitwike wa kwake, tena kila siku, hakusema amkane mpwa wake.

Lori langu limelala Segera, na jana nilimpigia tajiri atafute dereva mwingine. Leo asubuhi Bibi Mwanaisha amenifundisha kumgeuza baba, nimemnyoa, nimemkata pawili, mtakaoingia kumsalimu mtaona, amenitukana vizuri tu, kisha akaniuliza Edna yuko wapi, na mimi, mwenye sauti, nikamfuta povu shingoni. Kwa hiyo hilo la kikao cha ukoo cha jioni limekwisha, nabaki mimi, na nalisoma mbele ya jeneza lake kwa sababu najijua, nikifika Pasaka nitatafuta honi ya kupiga, mkiniona barabarani na begi nirudisheni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wauza machungwa wenzake wa Kabuku, majirani wote, Bibi Mwanaisha kuliko wote, na kamati ya Njia ya Msalaba kwa kutuazima turubai. Mwenye hamu ya kubeba kitu asisubiri orodha, beseni liko nyuma ya nyumba, Jumatatu tunafua.

Dada Edna, lala kwa amani, shuka nimezianika mwenyewe, na haziondoki kambani mpaka zikauke.