Ukuta wa Nyuma Niliujenga kwa Tofali Mbichi

Ndugu wa shirika, nimekuja mbele kushuhudia, kwa miguu yangu mwenyewe, na wanaonijua wameshaanza kushangaa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka bironi, kwenye kazi yangu ya karatasi, navua viatu, na viatu havinioni tena mpaka kesho. Bibi yangu husema yeye aliolewa na kiti.

Kwa hiyo nilipotaka kupangisha, nilichagua biashara ya kukaa: vyumba viwili nyuma ya nyumba, ndani ya lupango langu, kiwanja changu mwenyewe, hatua ishirini kutoka kitini. Nawaambia, anayejenga nyumba ya kupangisha ili apate kupumzika ameanza kuanguka kabla ya msingi.

Tofali hazikutosha. Mnajua tanuru zetu: za katikati zinaiva, za pembeni zinabaki mbichi. Fundi akanishauri tungoje tanuru nyingine. Mimi nikamwambia nyekundu aziweke mbele, upande wa barabara, na mbichi aziweke nyuma, upande wa kilima, halafu azifiche kwa simenti. Nyuma nani ataenda kuangalia? Na ni kilimani maji yanakotoka. Nimesoma sekondari, ndugu zangu. Nilifundishwa kuchora mteremko kwa penseli.

Mpangaji wa kwanza alikuwa mama mjane, mshonaji, mwenye cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Jina lake silitaji. Nimeshalichafua vya kutosha. Mvua za kwanza alikuja kuniambia ukuta wa nyuma unatoa jasho. Nikamtania, nikamwuliza ukuta umefanya kazi gani hata utoe jasho, na mimi mwenye nyumba sitoi. Akacheka. Alipokuja mara ya pili hakucheka. Hatua ishirini, ndugu zangu. Sikuzitembea.

Alasiri moja, mvua ikiwa imenyesha tangu asubuhi, ukuta ulimwangukia akishona. Mkono wa kuume ukavunjika mahali pawili.

Hapa njo ninaona haya. Majirani walipouliza, nilisema mama yule alikuwa akimwaga maji ya kufulia chini ya ukuta. Nilisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesoma barua. Nikarudia kwa huyu, nikarudia kwa yule, hata nikaanza kuamini. Ndipo tukaitwa mbele ya shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, mama mkono umefungwa kwenye vibao, mimi nimevaa shati la pasi.

"Sitwayeni," shefu akaniita, kama raia yeyote, akauliza, "tofali za nyuma ziliiva?"

"Ziliiva, shefu."

Mama hakubishana. Aliomba beseni la maji. Kwa mkono wa kushoto akafungua pembe ya kitenge, akatoa kipande cha tofali alichokiokota kwenye kifusi, akakitia majini.

"Tungoje kidogo, Papa," akaniambia. "Wewe unajua kukaa."

Watu wakacheka. Kipande kikatoa mapovu, kikapasuka, kikalala chini ya beseni kama uji. Kila jicho likatoka kwenye beseni likaja kwangu.

Nikasema, "Ni mimi. Fundi alinikataza. Maji ya kufulia niliyatunga."

Shefu akaamua nigharimie matibabu na nijenge upya. Lakini mama aliongeza hukumu yake: "Ukimaliza, ulale humo wewe kwanza, mvua zote mpaka ziishe. Mimi nitakaa kwa bibi yako." Bibi yangu alikubali kabla sijafungua kinywa.

Nikajenga. Msingi wa mawe, tofali zilizoiva pande zote, na mfereji nyuma niliouchimba kwa mikono hii ya biro, watoto wa jirani wakija kutazama kama sinema. Nikalala humo. Kila mvua iliponyesha nilipapasa ule ukuta kwa kiganja, na ulikuwa mkavu, na mimi sikupata usingizi.

Namshukuru fundi aliyekubali kunijengea tena bila kunisimanga, isipokuwa siku ya kwanza. Namshukuru shefu, na bibi yangu, na ninyi mliompelekea mama chakula nilipokuwa bado ninasema uongo wangu. Na wewe unayetaka kuanza kupangisha: anza kwa upande ambao wewe hutauona. Mpangaji akikuambia jambo, simama wakati huohuo, uende naye.

Mkono wake umeunga, lakini haunyooki. Gauni la siku moja sasa linamchukua siku tatu. Hilo sina tofali la kulijengea.

Juzi mvua mpya zilipoanza, alinipa sanduku lake la nguo nimpelekee chumbani kwake kule nyuma. Nikamwuliza kama nibebe na cherehani.

"Iache kwanza, Papa," akasema. "Mvua kubwa ipite."

Nikabeba sanduku.