Vidole vya Mama Tshala

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Mama Tshala Mwepu anastaafu tarehe 31 Julai. Mimi nimekaa meza ya pembeni yake muda mrefu, na niseme mapema: wivu ninao.

Aliingia kituo chetu cha kompyuta hapa Kamina akiwa mpiga chapa. Mashine za chapa zilipoondoka, wengi waliondoka nazo. Yeye akajifunza kuandika programu. Ile inayohesabu mahindi katika maghala ya ushirika kule Kaniama ni kazi ya mkono wake, na wakulima wanamjua kwa jina. Mimi hawanijui.

Kilichoniuma zaidi ni vidole vyake. Sote tunatumia Git, programu inayotunza kila toleo la kazi pamoja na jina la aliyeibadilisha. Sisi wengine tuliandika amri zake neno kwa neno, tukakosea, tukaanza upya. Mama Tshala alijiundia vifupisho: herufi mbili kuona kilichobadilika, herufi moja kuvuta kazi za wenzake na kupeleka yake. Akimaliza, anamenya karanga huku akitutazama. Karanga zile zilinikera kuliko kasi yenyewe.

Mwezi uliopita nilimeza kiburi nikamwomba vifupisho hivyo. Akanipa faili yake ya mipangilio, nami nikainakili yote kwa pupa bila kuisoma. Haraka haraka haina baraka. Ndani mlikuwa na jina lake pia, kwa hiyo kila nilichofanya kikaandikwa kuwa cha Tshala Mwepu, pamoja na marekebisho ya hesabu za maghala, kazi bora niliyowahi kuifanya. Na wakati huohuo mkurugenzi alikuwa anatafuta wa kurithi nafasi ya Mama Tshala.

Katika mkutano wa Ijumaa mkurugenzi akayasifu marekebisho hayo, akashangaa kwamba mama anayestaafu bado anatushinda vijana. Nilitaka kulia. Mama Tshala akasimama, akamgeukia mkurugenzi na kuninyooshea mimi kidole: "Ile kazi haiko yangu, patron. Ni Abedi njo aliifanyaka."

Nafasi nikaipata palepale. Lakini makofi ya ukumbi mzima yalikuwa yake, kwa uungwana wake.

Mama, asante kwa vifupisho na kwa nafasi. Tunakuombea uzee wenye afya na utulivu kwa wanao kule Luena. Jina lako nimeshalifuta kwenye faili yangu. Makofi yale bado sijakusamehe.

Abedi Moustapha