Pikipiki ya Thadeo na Neno la Fundi Abdillah

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Nawasalimu mnaokamua ng'ombe Nyanungu, mnaofunga duka Nyarero, na mnaotoka zamu kule Nyamongo. Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Agustina Nyangwine, na leo namkumbuka fundi mmoja aliyekosea.

Jina lake ni Abdillah Shaaban. Fundi wa pikipiki, Tarime mjini. Ametutoka Jumatatu iliyopita akiwa na miaka sitini na tisa. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Abdillah Shaaban, fundi wa pikipiki, miaka sitini na tisa.

Baba yake alikuja huku kutoka Pangani, akawa anashona viatu karibu na soko. Abdillah mwenyewe alizaliwa hapa hapa, akakulia hapa, na Kikurya alikisema vizuri kuliko baadhi yetu. Viatu hakuvitaka. Alipenda injini. Alianza kazi akiwa kijana wa miaka kumi na minane, na kwa miaka hamsini pikipiki za wilaya hii zimepita mikononi mwake, za wachungaji, za walimu, za bodaboda, na hii yangu inayonisumbua kila mvua ikinyesha.

Alikuwa mtu wa maneno. Ukimletea pikipiki chafu alikuuliza kama umeifukua shambani. Lakini ugomvi wake mkubwa ulikuwa petroli. Watu wetu wengi wanaamini kwamba petroli yenye namba kubwa ina nguvu zaidi, na kwamba pikipiki ikizeeka, uipe hiyo ili ipate nafuu, kama mgonjwa anayepewa supu. Abdillah alikuwa anakataa. Alieleza kwamba ile namba, wanayoiita okteni, haipimi nguvu. Inapima petroli inavyovumilia kubanwa ndani ya injini kabla ya kujilipukia yenyewe. Injini inayobana sana inahitaji namba kubwa, isiyobana inatosheka na ya kawaida. Na injini nyingi za zamani hazibani sana. Hapo alikuwa sahihi kabisa.

Sasa, mwaka 2021, alifika kwake nesi Evelina wa Nyanungu.

Nesi Evelina ndiye anayezunguka na boksi la chanjo katika vijiji vile vya mbali. Pikipiki yake ni Honda ya mwaka 1984. Aliachiwa na mumewe, Thadeo, aliyekuwa bwana mifugo. Thadeo alifariki mwaka 2016. Siku ile pikipiki haikuwa na ubaya wowote, alikuja kubadilisha oili tu. Abdillah akafungua tenki, akanusa, akacheka.

"Nesi, unamlisha mzee huyu pilau kila siku?"

Nesi akamjibu kwa upole, "Fundi, mimi ninaipa ya namba kubwa kwa sababu marehemu alikuwa anaipa hiyo. Miaka yote."

Na Abdillah akasema neno ambalo alilijutia mpaka mwisho wake. Alisema, "Marehemu alikuwa bwana mifugo. Fundi ni mimi."

Watu waliokuwa gereji wakacheka. Mmoja akamwambia mwenzake, "Mura, nesi amejibiwa leo." Nesi Evelina alilipa, akaondoka. Na kwa kuwa ni mtu anayemheshimu mtaalamu, akaanza kuweka petroli ya kawaida.

Wiki ya pili injini ikaanza kugonga kwenye vilima. Ko-ko-ko, kama kokoto ndani ya kopo. Alimpigia fundi simu. Fundi hakusema ailete aione. Alisema, "Huo ni uzee tu, nesi. Endelea nayo taratibu."

Aliendelea nayo taratibu. Mwezi wa nne, katikati ya mvua, akirudi kutoka kuchanja watoto, pistoni ilitoboka kwenye mlima. Injini ikazima moja kwa moja. Nesi alibeba boksi la chanjo begani, akatembea saa mbili kwenye matope, na chanjo zikafika zikiwa bado na barafu. Mimi nilimuuliza kama alilia njiani. Alisema hakulia njiani. Alilia nyumbani.

"Agustina, kila jioni miaka ishirini na moja nilikuwa naisikia ile sauti ikipanda, najua mume wangu anakuja, naweka maji ya ugali jikoni," aliniambia. "Alipokufa ile sauti ilibaki. Sasa nayo ikawa imekwenda."

Hakumlaumu mtu. Aliifunika pikipiki kwa kitenge, akaiweka chumbani. Abdillah alipata habari miezi miwili baadaye, kutoka kwa mteja mwingine. Kesho yake asubuhi alifunga gereji, akachukua vifaa, akaenda Nyanungu na binti yake Yasmini, ambaye naye ni fundi. Yasmini ndiye aliyenisimulia.

"Baba alifungua hedi, ile sehemu ya juu ya injini," alisema Yasmini. "Akaipima. Akapima tena. Nikaona anakaa chini, kwenye vumbi."

Hedi ilikuwa imechongwa. Zamani sana, Thadeo aliipeleka kwa mafundi wa Mwanza, wakaipunguza ili injini ibane zaidi na iweze kupanda milima ya Nyanungu na mzigo wa dawa za ng'ombe. Mkewe hakujua. Ila Thadeo alijua kwamba baada ya hapo ile injini isingevumilia petroli ya kawaida. Ndiyo maana alikuwa anabeba dumu la namba kubwa kutoka mjini mpaka nyumbani, jua liwake, mvua inyeshe.

Abdillah alimwambia nesi, "Marehemu alijua. Mimi ndiye sikujua, na sikufungua nione. Nimeiua pikipiki ya mume wako. Nisamehe."

Wanaume wetu wa huku, naomba mniwie radhi, lakini hilo neno la mwisho huwa linawakwama kooni. Yeye hakuishia kulisema kule mlimani. Alimwita nesi Tarime, akawaita na wale waliocheka, akalirudia mbele yao. Mkewe, Bi Mwantumu, anasema kuanzia siku ile mteja akileta pikipiki ya zamani, Abdillah alianza kwa kuuliza, "Nani aliiendesha kabla yako, na alikuwa anainywesha nini?" Kisha anafungua. Kisha anasikiliza kama inagonga. Ndipo anasema namba.

Kuomba msamaha ni kitu kimoja. Pistoni ya kuingia kwenye injini ile iliyochongwa ni kitu kingine. Aliitafuta Musoma, Mwanza, mpaka ng'ambo ya Sirari. Miaka mitatu. Katikati ya hapo moyo wake ukaanza kuugua, daktari akamkataza kazi. Bi Mwantumu alimwambia, "Mume wangu, waachie wengine." Akamjibu, "Hii siwezi kumwachia mtu. Nikifa haijawaka, nimekufa na deni la mume wa mtu."

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, pistoni ilipatikana. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo yeye alielekeza, Yasmini akafunga, nati moja baada ya nyingine, siku nne. Nesi Evelina aliitwa. Alipofika hakuingia. Aliomba Yasmini aizungushe barabarani, yeye abaki getini. Akafumba macho. Yasmini akaishusha mpaka chini, akageuza, akaipandisha ule mlima wa gereji.

Nesi akasema, "Ndiye."

Abdillah alikuwa amekaa kwenye kiti. Alijifunika uso kwa kofia yake, na hakuna aliyecheka.

Wasikilizaji wapendwa, amezikwa Jumanne. Nilikuwepo msibani, nimekaa na akina mama. Saa nne asubuhi tukasikia pikipiki inapanda kutoka barabara kubwa. Bi Mwantumu aliinua kichwa. Akasikiliza mpaka nesi Evelina akaifikisha mlangoni. Akatuambia, "Haigongi." Ndipo akalia, nasi tukalia naye.

Kwako Bi Mwantumu, kwako Yasmini, na kwa ukoo wote wa Mzee Shaaban, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Abdillah, ampumzishe.

Na wewe unayenisikiliza, nakuomba jioni hii ukae kimya kidogo ufikiri. Kuna mtu ulimjibu kwa uhakika na hukufungua ukaona. Labda mlimcheka. Labda hajakulaumu mpaka leo. Mfuate, Nyanungu si mbali.