Mmoja Ashike, Mwingine Akaze

Haya aliniambia binti yangu juzi, aliporudi kutoka kazini kwa basi la jioni. Mbele yake aliketi mama mjane, ameshika karatasi ya maelekezo ya kufunga pampu ya maji. Mwanamume wa kiti cha pembeni yake akaichungulia, akasema kwa furaha, "Hiyo nimeiandika mimi! Inaeleweka, mama?" Watu huuliza hivyo wakingoja kusifiwa.

"Picha nzuri, baba. Ila hapa unasema mmoja ashike bomba, mwingine akaze nati. Huyo mwingine mmeniwekea ndani ya boksi?"

"Kule karakana tuliijaribu wawili wawili. Wala haikutupitia akilini kwamba kuna atakayefunga peke yake."

"Ndiyo maana pampu imelala tu, maji nachota kwa jirani. Andika ya mtu mmoja."

"Bomba litateleza, mama. Omba mtu akushikie."

"Wewe kwako anakushikia nani?"

Basi likashusha watu, likapakia wengine. Kisha yule mwanamume akabana mwavuli wake kwa magoti kama bomba, akajaribu kukaza kwa mkono mmoja.

"Litakuponyoka hilo," mama akasema. "Bana juu zaidi."

Hapo binti yangu akasinzia.